Ngazi ya Shemeji

Ngazi iligonga ukuta wa nyuma saa tatu asubuhi. Huub alikuwa darini, kifua wazi katikati ya baridi ya Januari, akaganda na kopo la maji mkononi.

Kwanza alijiambia ni jirani. Kisha akasikia viatu vikipanda, taratibu, kama vya mtu asiyetaka kusikika. Mbele yake mibangi kumi na mmoja ilikuwa imesimama chini ya taa, maua yamenenepa, yananata, yananuka mpaka puani kunawasha. Zilibaki siku tisa avune.

Mavuno ya kwanza, na usicheze na mavuno ya kwanza ya mtu. Mbegu za mwanzo aliziua kwa maji. Alimwagilia asubuhi na jioni kama anayenywesha ng'ombe, mizizi ikaoza. Za pili akaziunguza kwa mbolea. Hizi za tatu ndizo zilizokubali. Huub, ambaye kiwanda kilimwacha na mke naye akamwacha, alikuwa akipanda darini hata mara sita kwa siku ili ayanuse tu maua yake. Kuna siku alilia huko juu, na wala hakuona haya.

Aliyemfundisha ni Funs, mume wa dada yake Mia. Kuinua chungu upime uzito kabla ya kumwagilia, ni Funs. Kuziba dirisha la paa kwa plastiki nyeusi mwanga usitoke, ni Funs. Jambo moja tu Huub alilipuuza, kubandika sponji nene chini ya vigae joto la taa lisitoke. Aliona ni kazi ya bure, na joto lenyewe alilipenda. Lakini masharti mawili yalimkaa kichwani.

"Kwenye simu usiniongelee majani, shemeji, hata kwa mafumbo. Na ukiwa juu, kengele ikilia, usimfungulie mtu. Hata awe Papa wa Roma."

Huub aliyashika yote mawili, hasa baada ya yaliyompata mzee Pie wa mtaa wa pili. Majambazi walimvamia wiki tatu nyuma, wakamvunja vidole kwa nyundo, kimoja kimoja, mpaka akatoa ufunguo wa dari. Mimea yake yote ikaenda. Mji mzima wa Kerkrade ulisema aliyemchoma ni mtu wa karibu. Na kwa upande wa Huub, mtu wa karibu aliyejua alikuwa mmoja tu.

Jana yake huyo mmoja alikuwa amepiga simu, na sauti yake haikukaa sawa.

"Shemeji, leo umetoka nje?"

"Na baridi hii? Tangu Alhamisi sijatia pua nje."

"Toka basi. Vuka barabara, simama huko kidogo, angalia mazingira."

"Niangalie nini?"

"We toka tu, bwana. Mtu mzima unashindaje ndani?"

Huub alikata simu. Anayekuhimiza utoke nyumbani kwako ana hamu ya kuingia, hivyo ndivyo alivyowaza, na wazo hilo likamkereketa mpaka asubuhi. Kulipokucha kengele ililia mara nne. Hakufungua. Sasa ngazi.

Kitu kiliburuzwa juu ya vigae. Kikafuata kishindo laini, puu, kisha puu tena, karibu kabisa na dirisha. Huub aliweka kopo chini, akaokota kipande cha bomba la chuma alichokuwa akilala nacho, akachana plastiki na kulisukuma dirisha kwa bega.

Theluji ikamwagikia usoni. Mwanga wa nje ukampofusha. Alichoona ni mkono wenye glavu umeshika fremu, akaupiga kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia. Mwenye mkono akapiga yowe, na sauti hiyo Huub aliijua tangu harusi ya dada yake.

"Shemeji, ni mimi. Ni mimi, Funs."

"Najua ni wewe." Akampiga la bega.

"Nakusaidia, mjinga we, nakusaidia..."

"Kunisaidia kuvuna?"

Pigo la tatu lilimpata sikioni. Funs akaenda na ngazi, na ndoo, na sepetu, vyote kwa pamoja, ghorofa mbili mpaka uani.

Huub alishuka ngazi za ndani mbiombio, machozi yanamtoka kwa hasira. Ndoo na sepetu. Yaani mtu aliyekula mezani kwake Krismasi alikuja na vyombo vya kubebea kabisa.

Funs alikuwa amelala chali, mguu umekunjika mahali pasipo na goti, damu ya sikioni inatoboa theluji. Huub akamkanyaga ule mkono uliovunjika.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna."

"Sema, Funs."

"Hakuna mtu, shemeji. Mwambie Mia..."

Hakumaliza. Huub alimpiga mara mbili zaidi kabla hajagundua kwamba anampiga mtu asiyejibu. Bomba likamponyoka.

Alipogeuka, polisi wawili walishafika kwenye geti la uani. Mapema mno. Alipiga magoti mwenyewe, mikono kichwani, na pingu zilipojifunga akauliza jambo moja tu, maana alitaka kulisikia kwa masikio yake.

"Huyu ndiye aliyewaambia, siyo?"

Askari wa kike alikuwa ameinama, vidole vyake shingoni mwa Funs. Akamtazama mwenzake, akatikisa kichwa, akainuka.

"Hakuna aliyetuambia. Theluji ikianguka tunapita mtaa kwa mtaa, tunaangalia juu." Akamshika Huub kidevu, akakiinua. "Hebu angalia na wewe."

Nyumba ishirini za wachimba makaa wa zamani, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mapaa yote yalikuwa meupe tangu Alhamisi. La kwake lilikuwa jeusi tupu, linachuruzika maji na kutoa mvuke, isipokuwa pembeni mwa dirisha, sehemu ya ukubwa wa meza, ambapo mtu alikuwa amerundika theluji kwa sepetu na kuisawazisha kwa kiganja.