Vijiti Viwili

Mstari ulipita kando ya pale ulipoanzia, kwa upana wa kidole. Mara ya tatu hiyo. Dorika akaibwaga penseli.

"Umelegeza uzi," baba yake alisema.

Uzi ulikuwa umekaza karibu kukatika. Shuleni umbo hilo waliliita duaradufu, na siri yake ni moja: vijiti viwili vitulie, kitanzi cha uzi kikaze, mstari utarudi wenyewe ulikotoka. Lakini baba hakuruhusu msumari kwenye uso wa ubao wa mninga. Tangu afungue karakana hapa Masasi, vijiti alivishikilia kwa vidole, na meza zake za umbo la yai zilifika mpaka Newala.

"Haya, tena."

Safari hii Dorika hakuutazama mstari. Alitazama kidole gumba cha baba, kucha nyeusi kwa vanishi, na kijiti kilichokuwa kikitetemeka chini yake.

Akaacha kuchora.

"Nini tena?"

 Dorika aliugeuza ubao, akachukua nyundo, akapigilia misumari miwili upande wa chini. Akaivisha uzi, akazungusha penseli.

Mstari ukakutana.

"Sasa umeukaza," alisema baba, mikono yote miwili ameitia mifukoni.