Amplifaya ya Pikapu ya Mitwali

Amplifaya ya pikapu ya Mitwali iliungua alfajiri, na kulikuwa na maiti wa kuzikwa alasiri.

Siku za kawaida pikapu ile huuza vitunguu. Mtu akifa, Mitwali hushusha magunia, akazunguka vijijini kutangaza kwa spika iliyo juu ya paa. Spika ya msikiti haifiki ng'ambo ya mfereji, na huko ndiko waliko watu. Wasiposikia hawaji, na jeneza linakwenda makaburini na watu wachache, kama la mgeni asiye na kwao.

Fundi Bayumi alifungua boksi lililoungua, akalinusa, akalitupa kwenye pipa.

"Betri uliifunga kinyume."

"Niliifunga gizani."

"Ungemwachia punda."

Mitwali akaenda kushusha magunia ya vitunguu.

Bayumi akaanza kuunda amplifaya nyingine. Alichomoa transista kwenye redio ya teksi iliyogongwa, akazifunga kwenye bati nene la alumini zisipate moto sana. Akalehemu waya mmoja, akapuliza, akashika mwingine. Mkono wake ulikuwa umetulia, kama wa mtu anayemenya viazi.

Zaki wa mkahawa alileta kahawa. Bayumi akaonja.

"Haina sukari."

"Ndiyo, haina," alisema Zaki. Akaondoka bila kudai pesa.

Simu ya Mitwali ikalia. Alisikiliza, akaifunika kwa kiganja.

"Ni nyumbani kwa marehemu. Wanauliza kama wangoje."

"Wasingoje. Waambie waendelee."

"Bayumi, naweza kwenda kwa yule fundi wa mjini."

"Yule atakuuzia boksi tupu lenye taa. Shika hapa."

"Utakuja kujuta, ndugu yangu."

"Nimekwambia shika hapa. Siyo hapo, hapa."

Mitwali akashika.

Adhuhuri ilipopita waliifunga ndani ya gari. Safari hii betri aliifunga Bayumi mwenyewe. Spika ikanguruma, ikatulia. Mitwali alichukua maikrofoni, akairudisha kitini.

"Ijaribu wewe kwanza."

"Mimi si mtangazaji. Tangaza, jua linakwenda."

Kwetu kahawa ya msibani haitiwi sukari, na mwanamke hatangazwi kwa jina lake. Hutangazwa kwa jina la mwanawe. Mitwali akakohoa, akafunga macho.

"Amefariki," sauti ikavuka mfereji, safi, bila mkwaruzo, "mama yake Bayumi, fundi wa redio. Anazikwa alasiri."

Watu walikuja mpaka njia ya makaburini ikajaa. Amplifaya ilimgharimu Bayumi redio moja ya teksi, kipande cha bati, na uso wa mama yake. Alipofika nyumbani sanda ilikuwa imeshafungwa.