Anayefika Upesi Hulala Kwao

"Mama, acha ubishi! Siku mbili hewani, na hayo magoti yako?" Saumu alifoka kwenye simu kutoka Osaka. "Ndege ya kasi ni dakika arobaini tu. Njoo kama jana, umwogeshe mtoto, urudi."

"Nirudi, halafu usiku abebwe na nani?" Bi Kibibi alimjibu kutoka kiwanja cha Dar es Salaam, kikapu begani.

Sheria hiyo hata watoto waliijua: anayefika upesi hulala kwao. Ruhusa ya kulala ugenini ilipimwa kwa urefu wa safari, na ni zile ndege kuukuu za polepole tu zilizompa mtu siku arobaini. Wiki nzima Bi Kibibi alikwenda asubuhi, akamkanda bintiye kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, na jua lilipozama akatolewa kama mwizi.

"Jana usiku ulisinzia, mtoto nusura akuponyoke. Umesema mwenyewe."

Saumu akasema kwa sauti ndogo, "Nimechoka, mama."

"Basi tulia, nakuja."

Akarudisha tiketi ya kasi, akachukua ya polepole, akapanda. Ndani walijaa kina mama wa makamo, kila mmoja na mzigo wake wa kanga, na pilipili manga ikinukia kila kiti. Jirani yake akamsogezea nafasi.

"Binti au mkwe?"

"Binti."

"Wangu mkwe. Nyoosha miguu, dada, safari ni ndefu."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Kibibi, akavua viatu.