Darasa la Watoto Wawili

Darla aliweka rula kwenye mkono wa bintiye, akaipima alama ya meno, akapiga picha. Ilikuwa ya tatu tangu shule ifunguliwe Agosti.

"Nani kafanya hivi, Hattie?"

Hattie, mwenye miaka saba, akavuta shati hadi puani.

Barua ya shule ilikuwa mezani, imepangwa vizuri kama kadi ya harusi. Mtoto wako ameng'atwa na mwanafunzi mwenzake. Kwa kuheshimu faragha, jina halitatajwa. Amewekewa barafu. Darla alipopiga simu, mwalimu mkuu alimjibu kwa upole wa mtu asiyeumwa popote.

"Sheria hairuhusu, mama. Yule naye ni mtoto wa watu."

"Na huyu wangu ni wa paka?"

Kumvizia mzazi wa huyo mng'ataji langoni nako hakuwezekani. Kule watoto huletwa kwa magari: foleni inasogea, mlango unafunguliwa, mtoto anashushwa, gari linaondoka. Kwa miaka miwili Darla alikuwa akiwajua wazazi wenzake kwa visogo na namba za magari.

Basi akaikimbilia neema ya jimbo. Arizona ina huruma sana kwa wazazi. Mtoe mtoto shule ya serikali, nalo jimbo litakufungulia akaunti ya masomo, dola elfu saba na ushee kwa mwaka, zinaingia robo kwa robo, umsomeshe popote utakapo. Fomu yenyewe haikumaliza hata kikombe cha kahawa. Mahali pamoja unaahidi kwamba mtoto atafundishwa kusoma, kuandika na hesabu. Mahali pengine unakubali kwamba nafasi yake kule shuleni umeiacha. Hapo Darla alitia saini kwa nguvu hadi kidole kikamuuma.

"Kitendawili," alisema Wade, mumewe, siku pesa zilipoingia.

"Tega, nina haraka."

"Ni zangu lakini sizishiki, na nikitaka kuzitumia naomba ruhusa."

"Mshahara wako."

"We mwanamke! Ni pesa za akaunti."

Hakukosea. Pesa hukaa ndani ya kompyuta, unaziona tu. Ukibonyeza, zinakwenda shuleni au dukani zenyewe, na ukinunua kitu cha ajabu, maofisa wanataka ueleze kinafundisha nini. Jirani yao alinunua trampolini ya watoto kurukaruka uani, akaandika kurasa mbili juu ya nguvu ya uvutano. Ikapita. Wanawe sasa wanasoma uvutano kuanzia asubuhi mpaka jua linazama.

Darla yeye alitaka shule. Ya kwanza ilimwambia imejaa. Ya pili ilikuwa imepandisha karo mwaka uleule akaunti zilipoanza kutolewa kwa kila mtoto, bila shaka kwa bahati tu. Ya tatu ilitaka matokeo ya mtihani, barua ya mchungaji, na kumtazama Hattie akicheza nyuma ya kioo. Halafu ikasema "hafai kwa familia yetu". Uhuru wa kuchagua ulikuwepo tele. Ila waliokuwa wakichagua ni wao.

Ikabaki ya nne, Akademia ya Tai na Uhuru, iliyokuwa ndani ya gereji ya Bi Lorna.

Bi Lorna aliwapokea mlangoni na biskuti za moto. Gereji ilipakwa rangi ya samawati, ina zulia, ramani, na harufu ya mbali ya mafuta ya gari. Karo yake, kwa maajabu ya Mungu, ilikuwa sawasawa na pesa za jimbo, hadi senti ya mwisho.

"Uliza lolote, mpenzi," alisema Bi Lorna. "Hapa mzazi ndiye bosi."

Darla hakuzunguka. "Mwanangu kaumizwa vya kutosha kule alikotoka. Nataka kujua kama hapa atakuwa salama."

"Salama? Humu sijapokea malalamiko hata moja."

"Na darasa lina watoto wangapi? Kule walikuwa ishirini na saba, mwalimu haoni nyuma."

"Hattie akiingia," Bi Lorna alisema kwa fahari, "watakuwa wawili."

Wawili! Darla nusura apige vigelegele. Wawili, na mwalimu katikati, macho kodo. Mng'ataji atapata wapi nafasi ya kujificha? Akatoa simu, akafungua akaunti, akabonyeza. Karo ya robo nzima ikaenda. Kwenye kioo yakatokea maandishi madogo kwamba haitarudishwa, nayo akayakubali bila kuyasoma mara mbili.

Alihisi mzigo umemtoka mgongoni. Akachukua biskuti, akakaa kwenye kiti cha kitoto, akasema kwa furaha tu, maana sasa walikuwa watu wa nyumba moja, "Hivi Bi Lorna, ulipataje moyo wa kufungua shule peke yako?"

Bi Lorna akashusha pumzi.

"Ni huyu mwanangu, mpenzi. Shule ya serikali walimwonea mno. Kila wiki barua: leo kang'ata, juzi kang'ata, tena ni kasichana kalekale kanakomchokoza. Nikasema basi! Nikachukua akaunti, nikamtoa." Akafungua mlango wa kuingilia nyumbani, akaita kwa sauti tamu: "Njoo, baba, mwenzako kafika!" Kisha akamgeukia Darla, akatabasamu. "Hapa wala usiwe na shaka. Hana mwingine wa kugombana naye, ni Hattie tu."