Mpira wa Kila Magharibi

Kwa mara ya mia na ushee, refa alipuliza filimbi ileile, na Mzee Mwinyijuma akajisogeza mbele ya kiti kama mtu asiyejua nani atashinda.

Ndani ya nyumba ile ya Pangani, Kibaha, hata paka alijua. Wenye jezi nyekundu wangefunga bao moja dakika ya sabini na mbili, kwa kichwa, na mpira ungeisha hivyo. Faudhia, mjukuu wake, aliirekodi mechi hiyo mwezi wa pili kwenye flashi ya king'amuzi. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa.

Kila jioni, akishaswali magharibi, mzee aliketi mbele ya televisheni na kuuliza kwa utani wake wa babu na mjukuu, "Mke wangu, leo kuna mpira?" Faudhia alijibu upo, akabonyeza rimoti. Taarifa ya habari ya saa mbili walikuwa wakiikuta katikati, na hakuna aliyelalamika.

Hakukuwa na pa kwenda. Zena, mama yake Faudhia, alifunga duka lake mapema ili awahi kukaa na baba yake. Mumewe, Yahya, alikuwa ameuaga mchezo wa bao na kijiwe cha kahawa. Mzee hakutakiwa kuachwa peke yake hata dakika.

Walimleta kutoka Kisarawe baada ya arobaini ya Hashiru, mdogo wake Zena, mchuuzi wa korosho aliyekwenda Dar kila siku na ndoo yake nyeupe mpaka gari lilipomgonga mwezi wa nne. Wiki ya kwanza tu, mzee akapotea. Yahya alimkuta kituoni Maili Moja, anawatazama watu wanaoshuka.

"Namngoja Hashiru," alisema mzee.

Basi wakajua amesahau. Zena alilia usiku kucha, akasema kumkumbusha ni kumfanya afiwe upya. Picha ya marehemu, ile moja tu aliyopiga kwa ajili ya kitambulisho, ikafichwa kabatini chini ya khanga, na jina lake halikutajwa tena. Mzee naye hakuuliza. Wakashukuru Mungu.

Mpira nao ulikuwa na vituko vyake. Kuna mahali katika kipindi cha pili mzee alivua kofia na kutaka kimya, na hapo mtu hapiti mbele ya televisheni hata kama wali unaungua. Uwanjani hapakuwa na la maana wakati huo. Mpira umetoka, kamera inazurura kwa mashabiki. Yahya alichungulia simu yake, Zena akaenda kupakua chakula. Baada ya hapo mzee alivaa kofia na kuomba apelekwe kulala. Hata bao hakulisubiri. Walikuwa wakimcheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Siku moja flashi ikajaa. Faudhia alitaka kurekodi sehemu ya mwisho ya tamthilia yake, ambayo ingeonyeshwa akiwa shuleni, akamuuliza mama yake afute nini. Zena alikuwa ameinamia beseni la nguo, mgongo unamuuma.

"Futa huo mpira wa babu," alisema. "Utamwekea mwingine wenye jezi nyekundu. Hatajua."

Jioni ile mzee aliuliza kama kawaida, na Faudhia akajibu upo. Zena alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliogopa kwamba baba yake akiukosa mpira wake atatoka tena kwenda kituoni, na safari hii wasimpate. Lakini refa alipuliza filimbi, jezi nyekundu zikakimbia, mzee akajisogeza mbele. Kipindi cha kwanza kikapita salama. Zena akashusha pumzi, akaona na aibu kwamba imekuwa rahisi hivyo.

Kipindi cha pili, mzee alivua kofia. Akainama karibu kabisa na kioo. Saa ya kwenye kona ilisogea, na mpira uliendelea kuchezwa pale katikati ya uwanja. Kamera haikwenda popote. Mzee alitazama muda mrefu, kisha akaikunja kofia yake mara mbili na kuiweka mapajani.

"Umeufuta, mke wangu?"

Faudhia aliitikia kwa kichwa. Mzee hakukasirika. Alimshika mkono.

"Dakika ya sitini na tatu," alisema, "Hashiru alikuwa anapita nyuma ya goli na ndoo yake ya korosho. Tangu tumzike, nilikuwa namwona hapo tu."