Kioo Kilichojifunza Nyongeza

Saumu hakuwa na ofisi, cheti cha chuo wala viatu vya mvua. Alikuwa na kazi moja tu ya kujivunia: kioo cha kidijitali alichokibuni na kukifunga juu ya mizani ya duka la mboga. Mteja akifungiwa mboga kwenye plastiki, kioo kilichora uso ulionuna. Akija na kikapu, kilinyamaza.

"Binti, leo nakiondoa," alisema Mzee Msellem, mwenye duka. "Wateja wananikimbia."

Bi Riziki alikuwa tayari amekifunika kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, mume wangu ananinunia bure nyumbani. Nije tena kununiwa na mizani?"

"Sasa kifanyeje, mama?"

"Muuza mboga muungwana hufanyaje? Hutoa nyongeza!"

Saumu akaketi juu ya gunia la vitunguu, akakiandikia kioo maneno mapya. Bi Riziki alipotua kikapu chake cha mchicha, kioo kikatabasamu: *Ahsante kwa kikapu. Mwenye duka, mwongeze nyanya.*

Msellem akacheka, akaongeza mbili. Mteja wa nyuma akarudisha plastiki, akakimbilia nyumbani kuchukua kikapu.

Jioni Msellem alimwandikia nduguye, mwenye maduka matatu ng'ambo ya mto, kwamba ampokee Saumu afunge vioo vyake huko pia. Akailamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi tarishi, na baiskeli ikaanza kupanda kilima.