Kaseti ya Nne

Kimya kati ya nyimbo kilikuwa kimerefuka. Pélagie ndiye aliyegundua kwanza.

"Rudisha nyuma, Akeyo. Anakaa sana bila kupiga. Bwana yangu anachoka."

Akeyo alirudisha. Kazi yake katika kibanda hicho cha Nateete ilikuwa kunakili kaseti, na Pélagie, ambaye hakuwa na redio, alikuja hapo kumsikiliza mumewe. Barnabé alibaki Bukavu, ng'ambo ya mpaka, vita viliporudi na Pélagie akakimbia na mtoto wao Tresor. Hii ilikuwa kaseti yake ya nne. Akeyo alisema dereva wa lori ndiye aliyeziacha kibandani.

Hazikuwa nyimbo za kuchezwa. Gitaa lilidonoa sauti moja, likaacha. Kijiko kiligusa sufuria. Neno moja lilivutwa mpaka likapoteza maana.

"Huyo anaimba au anatafuta ufunguo gizani?" aliuliza Otim, muuza chapati wa jirani.

"Geuza chapati zako, zinaungua," Pélagie alimjibu. "Hata mimi mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya kumi ndiyo nikasikia mvua juu ya bati. Sasa namsikia hata akivuta kiti."

Aliinama, sikio karibu ligonge spika. Baada ya wimbo wa tatu, mtu alikohoa.

"Umesikia? Kikohozi kilekile. Tangu kaseti ya kwanza hakijapona."

Akeyo aliangalia vidole vyake. Mara ngapi alifungua mdomo, na mara ngapi yalitoka maneno yaleyale.

"Niirudishe tena, Mama Tresor?"

"Usirudishe. Nimeuza cherehani. Kesho asubuhi napanda basi na Tresor. Tutavuka mpaka pale Bunagana, tukamtoe kule."

"Mama, barabara ile wanaua watu."

"Najua. Lakini anadhoofika, mdogo yangu. Nasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nikae tu hapa?"

Otim aliacha kugeuza chapati. Hakuwa na mzaha tena.

Pélagie alitoa kaseti kwenye redio, akaifunga katika ncha ya kitenge chake. Alikuwa amekwisha kushuka ngazi ya kibanda Akeyo alipomkamata mkono. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni.

"Dereva aliniletea kaseti moja tu," alisema, "pamoja na habari kwamba wamemzika Barnabé. Hizi tatu zilizofuata nimeziunga mimi, kwa vipande vya ile moja."